MASOMO YA AFYA: MAFUA YASIYOKWISHA

Wenyeji wa Segera na vijiji vya Handeni na Korogwe wanayajua mafua: pua huziba, kichwa huwa kizito, na baada ya juma moja mtu hurejea shambani. Lakini wako ambao mafua yao hayaishi. Mashavu na paji huuma, hasa mtu akiinama kupalilia. Makamasi mazito hushuka kooni, wala harufu ya chakula haisikiki. Wengine huyaita maumivu hayo kipanda uso, ingawa jina hilo hutumika pia kwa ugonjwa mwingine wa kichwa usiohusu pua kabisa.

Katika mifupa ya uso mna vyumba vidogo vya hewa: katika mashavu, katika paji, kati ya macho, na nyuma ya pua. Kila chumba hutoa ute, nao hupita katika tundu jembamba mpaka puani. Mafua yakivimbisha tundu hilo, mlango hufungwa, ute hutuama, na vijidudu huzaana humo. Chumba cha shavu kina taabu zaidi, maana mlango wake uko juu, karibu na dari, na sakafu yake imekaribiana na mizizi ya magego. Ndiyo sababu jino bovu la juu laweza kuleta usaha katika upande mmoja wa pua. Mgonjwa wa namna hiyo asipotibiwa jino, atameza dawa bure.

Moshi wa kuni huzidisha uvimbe, na vumbi vilevile. Mkonge ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893 umelisha nyumba nyingi za Korogwe, lakini vumbi la korona, hasa mahali nyuzi zinapopigwa brashi, huwasha pua na mapafu. Afanyaye kazi hiyo na afunike pua na mdomo.

Basi, mtu atatambuaje? Asihukumu kwa rangi ya makamasi, kwa kuwa hata mafua ya kawaida huyageuza kuwa ya kijani. Na ahesabu siku. Yakipita siku 10 bila nafuu, au mgonjwa akipata nafuu kisha akazidiwa tena, au homa ikiwa kali pamoja na usaha puani na maumivu ya uso kwa siku 3 au 4, hapo yafaa kumwona daktari. Kati ya watu wazima 100 wenye mafua, hawazidi 2 hivi wapatwao na usaha wa namna hii. Kwa hiyo kukimbilia dukani kununua vidonge vichache vya amoksilini siku ya pili ya mafua ni kupoteza fedha, tena ni kuwafundisha vijidudu kuishinda dawa.

Katika siku za kwanza mgonjwa apumzike, anywe maji, na ameze parasetamoli kwa kipimo chake. Pua yaweza kuoshwa kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji yasiyochemshwa yasitiwe puani kamwe. Dawa za matone za kuzibua pua zisizidi siku 3, maana zikizidi huiziba zaidi. Kujifukiza huburudisha, bali hakuui vijidudu, na watoto wengi wameungua kwa sufuria ya maji ya moto.

Jambo moja lisisahauliwe katika nchi yetu ya tambarare: homa na kuumwa kichwa huweza kuwa malaria, hata kama pua imeziba. Damu ya kidole ipimwe zahanati siku hiyo hiyo.

Jicho likivimba au likiwa jekundu, mgonjwa akiona vitu viwili viwili, paji likiumuka, shingo ikikakamaa, au akianza kupayuka, asingoje kuche. Apelekwe hospitali, kama ile ya Magunga iliyoko Korogwe, kwa kuwa usaha umekaribia jicho au ubongo. Watoto hupatwa na uvimbe wa jicho upesi kuliko wakubwa.

Nanyi walimu, mkiona mtoto anatoka makamasi yanayonuka katika tundu moja tu la pua, mshukieni kwamba ameingiza ushanga, punje ya hindi au kunde. Msichokoe kwa kijiti, maana kitu hicho kitazama ndani zaidi. Mpelekeni zahanati kikatolewe.