Nani Alipie Gari la Wagonjwa?

Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza kama mgonjwa anayebebwa na gari la zahanati atozwe ada. Tutazame Marekani, ambako mara nyingi kikosi cha zimamoto ndicho hukimbiza wagonjwa hospitali.

Huko Montgomery, jimbo la Maryland, serikali ya eneo ilitaka kutoza ada hiyo. Wazimamoto wa kujitolea walipinga: mtu aliyebanwa na kifua akikumbuka bili atasita kupiga simu. Mwezi Novemba 2010 wananchi waliikataa kwa kura. Baraza liliipitisha tena mwaka 2012, ikaanza 2013. Inayodaiwa ni bima. Mkazi asiye na bima hadaiwi, kwani kodi yake huhesabiwa kuwa ndiyo mchango wake.

Hata hivyo, bima ya serikali kwa wazee, Medicare, kwa kawaida hulipa mgonjwa akisafirishwa tu. Saa za kusubiri, ambazo ndizo gharama kubwa, hubaki juu ya kodi. Wafadhili wetu, tunaomba mlitazame hilo: ada hununua mafuta, lakini dereva wa usiku hulipwa hata asipoitwa.

Nanyi wanakamati, kabla ya kupanga kiwango, jadilini: kwetu, ambako wengi hawana bima, nani atamlipia asiye nacho? Na je, mama mwenye uchungu usiku wa manane anajua kwamba hatadaiwa kwanza?