Kufundisha Usomaji wa Faili la Maandishi kwa Lugha ya Java

Tuliwapa wanachuo wetu faili la maandishi lenye majina 45 ya wanafunzi, jina moja kila mstari, tukawataka waandike programu ya kuyasoma na kuyachapa yote. Programu ya mmoja wao ilikwenda bila lalamiko lolote. Ilichapa majina 22, kisha neno "null". Majina 23 yalikuwa yamepotea. Lau orodha ile ingalikuwa ya watoto wa kupewa chakula cha mchana, zaidi ya nusu ya darasa wangalikosa.

Katika sharti la kurudia, mwanachuo yule aliandika "readLine" ili kuuliza kama mstari upo. Ndani ya mzunguko akaandika "readLine" tena ili kuuchapa. Alidhani kuuliza si kusoma. Kumbe kila amri hiyo inapotolewa mstari mmoja husomwa, na msomaji husonga mbele wala harudi nyuma.

Kosa hili halikomeshwi kwa maelezo ya ubaoni. Sisi tulijaribu, tukashindwa. Yafaa mwalimu amwite mtoto mmoja mbele, ampe daftari la mahudhurio, na kidole chake akiweke juu ya jina la kwanza. Wenzake wasilitazame daftari. Mtoto huyo ana mambo mawili: anakumbuka kidole kilipofika, na anajua kutii amri "Soma mstari!" Kumbukumbu na utendaji vikikaa pamoja hivyo, ndicho Java inachokiita kitu; na kitu kifanyacho kazi hii huitwa "BufferedReader".

Sasa mwalimu aamuru, asikie jina, asiliandike. Aamuru tena, ndipo aandike. Darasa litapiga kelele: "Mwalimu, umemruka Asha!" Dawa wataibuni wenyewe: jina likisomwa liwekwe kwanza katika kisanduku, kisha kisanduku ndicho kikaguliwe na kuchapwa.

Majina yakiisha, mtoto aseme "Hakuna". Hiyo ndiyo "null". Akikuta mstari usioandikwa kitu, aseme "Mtupu", maana Java haichanganyi mambo hayo mawili, ingawa wanachuo huyachanganya sana.

Mwisho mtoto afunge daftari na kulirudisha mezani. Tangu Java 7 ya mwaka 2011, msomaji akitajwa ndani ya mabano ya "try", lugha yenyewe humfungia faili, hata kosa likitokea katikati ya kusoma.