Somo la Matumizi ya Nyumbani: Chovya Chovya Humaliza Buyu la Asali



Katika vijiji vyetu wamo wenzetu waliofanya kazi mbali na sasa wamerudi nyumbani. Wamo walimu, wauguzi, walinzi, madereva na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Baadhi yao wamestaafu mapema. Bado wana nguvu, na bado wana watoto shuleni. Siku ya kurudi walikuwa na fedha nyingi. Baada ya miaka miwili au mitatu, wengine tunawaona wakikopa chumvi dukani. Kwa nini? Si kwamba ni wavivu. Wengi wao walichota akiba yao bila kipimo. Leo tujifunze namna ya kuipima.

1. MAFAO YA AINA MBILI

Nchini Tanzania wafanyakazi wengi huruhusiwa kustaafu kwa hiari wakifika umri wa miaka 55. Wakifika miaka 60 hustaafu kwa lazima. Watumishi wa umma huchangia mfuko wa PSSSF. Wafanyakazi wa makampuni na watu binafsi huchangia NSSF. Ili upate pensheni ya uzee, uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15.

Mstaafu hupata malipo ya aina mbili. Ya kwanza ni mkupuo. Huu hulipwa mara moja tu. Ya pili ni pensheni. Hii hulipwa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 mkupuo uliwekwa kuwa 33 kwa mia ya mafao. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuuongeza: 40 kwa mia kwa baadhi ya wastaafu, na 35 kwa mia kwa wengine.

Kumbuka jambo moja. Hesabu ya mafao hutazama miezi uliyochangia na mshahara wako. Mtu anayetoka na miaka 55 badala ya 60 ameacha miezi 60 ya kuchangia. Pia ameacha mishahara 60. Kwa hiyo aliyestaafu mapema ana fedha kidogo zaidi, na ana miaka mingi zaidi ya kuitumia.

2. MKUPUO NI GHALA, SI MSHAHARA

Mkulima akivuna mahindi, hali yote mwezi wa kwanza. Huyaweka ghalani. Mama mwenye nyumba hupima debe kwa debe mpaka mavuno yajayo. Mkupuo nao ni kama mahindi ya ghalani, lakini kuna tofauti moja kubwa: hauna mavuno mengine. Ukiisha, umekwisha.

3. KWANZA ANDIKA MATUMIZI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaojua kusoma na kuandika hatuna sababu ya kukosa daftari. Baba na mama wakae pamoja na kuandika matumizi ya mwezi. Mmoja asimfiche mwenzake. Hebu tuone mfano wa nyumba moja:

Chakula: Sh. 150,000
Shule ya mtoto: Sh. 60,000
Shamba: Sh. 50,000
Dawa na matibabu: Sh. 40,000
Mkaa na umeme: Sh. 35,000
Nauli, simu na sabuni: Sh. 35,000
Michango ya ndugu na jirani: Sh. 30,000
Jumla: Sh. 400,000

Tuseme pensheni yao ni Sh. 250,000 kwa mwezi. Toa 250,000 katika 400,000. Inabaki 150,000. Hilo ndilo pengo. Kila mwezi pengo hili litazibwa na akiba.

4. GAWA MKUPUO MAFUNGU MATATU

Tuseme mkupuo wao ni Sh. 25,000,000. Wafanye hivi kabla hawajanunua kitu:

Fungu la kwanza, Sh. 4,000,000: kulipa madeni na kumalizia nyumba.
Fungu la pili, Sh. 3,000,000: dharura, kama ugonjwa au msiba. Fungu hili linatosha matumizi ya miezi 7 na nusu.
Fungu la tatu, Sh. 18,000,000: akiba ya kuziba pengo.

5. CHOTA KWA KIPIMO

Haya, akiba ya Sh. 18,000,000 itatosha kwa muda gani? Pengo la mwezi ni 150,000. Zidisha mara 12, unapata 1,800,000 kwa mwaka. Gawa 18,000,000 kwa 1,800,000. Jibu ni miaka 10. Aliyestaafu na miaka 55 atafika miaka 65.

Lakini akichota 300,000 kila mwezi, anamaliza 3,600,000 kwa mwaka. Akiba inakwisha katika miaka 5. Atakuwa na miaka 60, umri ule ule ambao wenzake kazini ndiyo kwanza wanapokea mkupuo wao. Yeye atakuwa mikono mitupu.

Kwa hiyo chota mara moja tu kwa mwezi, siku ile ile ya pensheni. Usiende benki kila unapopungukiwa. Leo 20,000 ya soda za wageni, kesho 50,000 ya nguo, na simu siku hizi inatoa fedha hata usiku wa manane. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kila mwezi wa Januari fungua daftari na utazame salio. Baada ya mwaka wa kwanza libaki si chini ya Sh. 16,200,000. Likiwa chini ya hapo, ulichota kupita kipimo. Basi gawa salio hilo kwa miaka 9 iliyobaki, kisha gawa kwa miezi 12. Hicho ndicho kipimo chako kipya, hata kama ni kidogo.

6. BEI HAZIKAI MAHALI PAMOJA

Tuseme bei zinapanda 4 kwa mia kila mwaka, na pensheni haikupanda. Matumizi ya 400,000 mwaka wa pili yanakuwa 416,000. Pengo linakuwa 166,000 badala ya 150,000. Mwaka wa tatu linazidi tena. Tumepiga hesabu mpaka mwisho bila kuweka faida ya benki. Akiba ya miaka 10 inakwisha katika mwaka wa 8.

Tufanye nini basi? Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupunguza matumizi mapema, wakati ghala bado limejaa. Ya pili ni kuongeza kipato kidogo cha hakika. Kuku, bustani ya mboga au shamba la maharage vikileta Sh. 50,000 kwa mwezi, pengo la mwanzo linashuka mpaka 100,000. Anza na kazi unayoijua. Aliyefundisha darasani miaka 30 asinunue basi la abiria kwa mkupuo wote kwa kuwa jirani ana basi.

7. WEKA MAHALI SALAMA

Fungu la dharura likae katika akaunti unayoweza kuchota upesi. Sehemu ya akiba inaweza kununua hatifungani za Serikali kwa njia ya Benki Kuu ya Tanzania, kuanzia Sh. 1,000,000. Maana yake, Serikali inakukopa, inakulipa faida mara mbili kwa mwaka, na mwisho inakurudishia fedha yako. Lakini fedha hiyo hufungwa kwa miaka kadhaa. Usifunge fedha utakayoihitaji kesho.

Jihadhari na matapeli. Mtu akikupigia simu na kusema anatoka katika mfuko, na anataka namba yako ya siri, kata simu. Akija anayeahidi kuizidisha fedha mara mbili kwa mwezi mmoja, mwambie aanze na yake. Epuka pia mikopo ile inayoitwa kausha damu.

Na ndugu je? Hatusemi tuwanyime. Kusaidiana ni desturi yetu. Lakini msaada utoke katika fungu la michango lililoandikwa. Likiisha mwezi huu, sema kwa upole, "Ndugu yangu, tusubiri mwezi ujao." Mzee aliyegawa akiba yote atawarudia hao hao ndugu kesho akiomba unga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkupuo na pensheni vinatofautianaje?
2. Nyumba moja inatumia Sh. 300,000 kwa mwezi. Pensheni yao ni Sh. 200,000. Akiba yao ni Sh. 6,000,000. Bila kuhesabu faida wala kupanda kwa bei, itatosha miaka mingapi?
3. Kwa nini ni vizuri mume na mke waandike daftari pamoja?
4. Wewe si mstaafu, lakini umeuza pamba au korosho. Fedha hiyo nayo huja mara moja. Utaigawa mafungu gani ili ikufikishe msimu ujao?

Kazi ya nyumbani: andika matumizi ya nyumba yako kwa mwezi mmoja, siku kwa siku, kisha ulete daftari kikundini.