Kina cha Picha: Jinsi Kompyuta Inavyoiga Kasoro ya Lenzi

Mwanafunzi wangu mmoja alipata kuniletea picha ya mandhari aliyoiunda kwa kompyuta. Ilionyesha mbuyu mmoja katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa, na nyuma yake milima ya Udzungwa. Mbuyu ulikuwa dhahiri hata mikunjo ya gome ilihesabika. Milima aliifanya hafifu, kama alivyoona wapigapicha wakifanya. Lakini kila aliyeitazama alisema jambo lile lile: mti huu ni wa kuchezea watoto. Kijana alihuzunika, maana majani, vivuli na rangi vyote alivipima kwa uangalifu. Kosa lilikuwa katika hesabu moja ambayo hakuifanya, nayo haizidi uwezo wa mwanafunzi wa sekondari.

Tuanze na jicho. Fumba jicho moja, shika penseli sentimita 20 mbele ya jicho la pili, kisha itazame ncha yake. Ubao ulio mbali nyuma yake utaonekana hafifu. Sasa toboa kadi kwa sindano, uchungulie katika tundu hilo: penseli na ubao vyote vitakuwa wazi zaidi, ingawa mwanga utapungua. Sababu ni kwamba kila nukta ya kitu hutoa miale mingi, nayo huingia kwa kupitia kila sehemu ya mboni. Lenzi ya jicho huikutanisha barabara juu ya retina miale ya vitu vya umbali mmoja tu. Ile ya umbali mwingine huacha doa la mviringo mahali palipostahili nukta. Tundu likiwa dogo, doa nalo huwa dogo.

Kompyuta, kwa desturi, huchora kana kwamba inachungulia katika tundu lisilo na upana wowote. Ndiyo maana picha zake huwa dhahiri kutoka nyasi za miguuni hadi upeo wa macho. Uhafifu hauna budi kutengenezwa, na kwanza kupimwa. Ikiwa vitu viko mbali sana kuliko urefu wa fokasi wa lenzi, kipenyo cha doa chaweza kukadiriwa hivi:

m = k × f × (1/s − 1/u)

Hapa m ni kipenyo cha doa, k kipenyo cha tundu la lenzi, f urefu wa fokasi, s umbali uliolengwa, na u umbali wa kitu kingine. Jibu likiwa hasi, alama hiyo ipuuzwe.

Tuchukue lenzi ya fokasi milimita 50, yenye tundu la milimita 25. Filamu yake ina upana wa milimita 36, na picha ya kompyuta ina nukta 1800 kwa upana. Basi kila milimita ni nukta 50. Milima iko kilomita kadhaa, kwa hiyo 1/u ni kama sifuri. Mbuyu ukiwa mita 100, doa la mlima ni 25 × 50 ÷ 100,000, yaani milimita 0.0125. Hiyo haifiki hata nukta moja! Mwanafunzi wangu alikuwa ameweka madoa ya nukta 31. Madoa ya kadiri hiyo hupatikana mti ukiwa mita 2 tu kutoka kwenye kamera. Na mti wa mita 10 ulio umbali wa mita 100 huonekana sawa na kijiti cha sentimita 20 kilicho umbali wa mita 2. Watazamaji hawakukosea. Ili apate madoa yale mbele ya mbuyu halisi, angehitaji lenzi yenye tundu la mita 1 na robo.

Namna ya kuyachora madoa ni mbili hasa. Mwaka 1981 Potmesil na Chakravarty walieleza jinsi ya kuchora kwanza picha iliyo dhahiri, kisha kutawanya kila nukta kwa kadiri ya umbali wake. Njia hii ni nyepesi, ila kompyuta haijui kilichofichwa nyuma ya jani la karibu, na kingo za jani huharibika. Mwaka 1984 Cook, Porter na Carpenter waliitazama lenzi kama lenzi: kwa kila nukta ya picha hufuatwa miale mingi, kila mmoja ukianzia mahali tofauti kwenye tundu. Kilichofichwa kwa mwale mmoja huonekana kwa mwingine. Gharama yake ni chembechembe katika picha. Ukitaka zipungue kwa nusu, miale iwe mara nne. Mimi huipendelea hii ya pili, hata kama kompyuta italala macho usiku kucha.

Milima nilimshauri aiache dhahiri, aipe weupe na ubuluu wa hewa, ambao ndio hutuonyesha umbali mkubwa. Uhafifu wa lenzi aliuhamishia kwenye nyasi zilizo mita 1 kutoka kwenye kamera, ambazo madoa yake hufikia nukta 62 hivi. Mbuyu ukarudia ukubwa wake.

Zoezi: Kwa lenzi ile ile, mbuyu ukiwa mita 20, doa la mlima litakuwa na nukta ngapi? Tundu likipunguzwa hadi milimita 5, je, uhafifu huo utaonekana?