Barnaba Alimfuata Sauli Mpaka Tarso

Somo: Matendo 9:26-28, 11:22-26



Kuna ndugu mmoja hapa kwetu ambaye kwa karibu miaka miwili alikuwa akifika kanisani kabla ya kila mtu, anapanga viti. Amenipa ruhusa nisimulie haya. Kwa simu yangu nilikuwa nimemwandika "Ndugu wa Viti". Jumapili moja nikafika nikakuta viti bado vimerundikwa kwenye kona. Nikakasirika kidogo. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Ya tatu ndipo nikauliza, "Kwani huyu ndugu yuko wapi?"

Naungama mbele yenu: niliona viti kabla sijaona kwamba mtu hayupo.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikauliza wazee, nikauliza vijana. Hakuna aliyejua anakoishi, na wote tulikuwa tumemsalimia "Bwana asifiwe" kila wiki. Mama mmoja anayeuza mboga ndiye aliyetuelekeza. Kumbe kazi ya mjengo ilikuwa imeisha, kodi ikamshinda, nyumba ikafungwa, naye akahamia kwa binamu yake. Aliponiona mlangoni alisema, "Pasta, nilidhani mmeshapata mwingine wa kupanga."

Neno hilo lilinichoma. Chuoni nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kujua watu kwa sababu ya kile wanachoweza kukuletea. Sokoni hesabu hiyo inaeleweka. Shida ni kwamba niliibeba nikaingia nayo kanisani bila kujijua. Ndiyo maana leo nataka tumtazame Barnaba.

1. Alimkaribia mtu aliyeogopwa. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa. Hawakuamini kwamba kweli ameokoka, na walikuwa na sababu, kwa maana aliwatesa. Barnaba alimchukua, akampeleka kwa mitume, akaeleza jinsi Bwana alivyomtokea njiani. Aliweka jina lake zuri kando ya jina lililoharibika. Je, nani kati yetu anaketi peke yake kwa sababu ya maisha yake ya zamani?

2. Alifunga safari. Kanisa lilimtuma Barnaba Antiokia, siyo Tarso. Lakini kazi ilipokuwa kubwa alikwenda Tarso mwenyewe kumtafuta Sauli mpaka akampata. Angalia mpangilio: alimjua mtu kwanza, akamtetea, na kazi ikaja baadaye. Mimi nilijua kazi, mtu nikamsahau. Wawili hao walifundisha pamoja mwaka mzima, na ni huko Antiokia wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

3. Uhusiano wa kweli unaweza kupita kwenye ugomvi. Tusidanganyane ati waliookoka hawakosani. Katika Matendo 15, Paulo na Barnaba walishindana vikali juu ya Marko hata wakaachana. Lakini soma 2 Timotheo 4:11. Paulo, akiwa kifungoni, anaomba Marko aletwe kwa sababu anamfaa. Mlango haukufungwa kabisa. Kama kuna mtu hamjasalimiana tangu ule mkutano wa harambee, usiutupe ufunguo.

Waebrania 10:24-25 inatuagiza tuangaliane na tusiache kukusanyika. Tunakazana sana na kukusanyika, na kuangaliana tunakusahau. Wazee walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Lakini utamfaaje mtu usiyejua analala wapi?

Kazi ya wiki hii: Chagua watu watatu unaowasalimia tu hapa kanisani. Jua majina yao kamili, wanakoishi, na jambo moja la kuwaombea. Usiwapigie simu kuwaomba mchango! Viongozi wa vikundi vya nyumbani, hesabuni waliokosa majuma mawili mfululizo, na wawili wenu waende kuwaona kabla ya Jumapili.

Yule ndugu alirudi. Washirika wa kikundi chake walimsaidia kodi ya mwezi wa kwanza, na fundi mmoja humu ndani akamchukua kazini. Kwa simu yangu sasa ana majina matatu, yale ya kitambulisho. Bado anafika mapema kupanga viti, lakini siku hizi tunapanga wawili, na hapo ndipo huniambia wiki yake ilikuwaje.

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa kuwatumia watu uliowafia. Tupe macho ya kumwona anayekosekana, na miguu ya kumfuata. Katika jina la Yesu, Amina.