Kusi Linapokataa Kuondoka

Mtu wa Pemba huhesabu mwaka wake kwa pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi pamoja na kipupwe chake, kisha demani na vuli. Hata hivyo, hesabu hiyo haikosi kumdanganya. Mara nyingine, watu wamekwisha kusema kwamba baridi imepita na demani imewadia, kusi hurudi kwa ghadhabu, likaleta mawingu, manyunyu na ubaridi. Yafaa tujiulize: hewa hiyo yatoka wapi?

Chanzo chake ki mbali sana. Hewa baridi hutoka katika bahari za kusini ya dunia, ikapita pembeni mwa Afrika ya Kusini na kuelekea Msumbiji. Ukingo wenyewe wa hewa hiyo ni nadra kufika Pemba, kwa maana kisiwa hiki ki karibu na nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, na njiani bahari huipasha moto. Lakini msukumo wake hufika, na kusi likazidi nguvu. Upepo huo, uliokwisha kunywa unyevu wa bahari, ndio uletao mvua fupi fupi. Kipimajoto kwa kawaida hakishuki chini ya nyuzi 20. Mtu wa Njombe, aliyezoea kuona sakitu, angecheka. Lakini aliyelowa maji ndani ya ngalawa hacheki, kwa kuwa upepo humnyang'anya joto la mwili.

Hasara huanzia uani. Karafuu mbichi huhitaji jua la siku kadhaa juu ya majamvi. Zikinyeshewa, au zikirundikwa zingali na maji, huvunda na kupauka, na bei hushuka. Kazi ya familia nzima yaweza kuharibika kwa alasiri moja.

Baharini hasara ni kubwa zaidi. Wimbi hukua kwa mambo matatu: nguvu ya upepo, muda uvumao, na upana wa bahari iliyo wazi. Upande wa mashariki wa Pemba hakuna nchi ya karibu ya kuuvunja upepo. Na magharibi, mkondo uitengao na bara una kina cha mamia ya mita.

Twakumbuka kwa huzuni tarehe 18 Julai 2012, meli MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe, katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Lakini tusiusingizie upepo kila msiba. MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imepakia watu kupita kiasi mno. Upepo haukuwauzia tiketi.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huonya mapema pale upepo utazamiwapo kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kupita mita 2. Onyo hilo lina gharama: mvuvi hukosa kitoweo, msafiri hukosa arusi au mazishi, mwenye chombo hukosa nauli. Twakiri kwamba gharama hiyo ni chungu, hasa kwa maskini. Hata hivyo, samaki wa leo watavuliwa kesho, bali aliyezama harudi. Basi nahodha akisema, "Leo hatutweki," abiria wasimnung'unikie, wamshukuru.