Somo la Mwezi: Majuma ya Kwanza Bila Sigara



Mtu anayetaka kuacha sigara huambiwa maneno mengi juu ya madhara yake. Huambiwa machache sana juu ya siku ya pili, saa nne asubuhi, wakati mikono inapotetemeka na kila mtu nyumbani anaonekana amekosea. Somo letu la mwezi huu ni la siku hiyo ya pili, na la majuma matatu au manne yanayoifuata. Hatutaeleza kwa urefu kwamba sigara ni mbaya. Wavutaji wanalijua hilo kuliko sisi, maana kikohozi ni chao. Tunataka tujifunze jambo moja: hamu ya sigara huja na hupita, na mtu aliyejiandaa anaweza kuingoja ipite.

1. Kwa nini ni vigumu kuacha

Ndani ya tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini hupita mapafuni, huingia katika damu, na kufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hivi. Huko huleta raha kidogo na utulivu. Lakini raha hiyo haikai. Kwa muda wa saa 2 hivi nikotini iliyomo katika damu hupungua kwa nusu, na ubongo uliokwisha kuzoea huanza kudai nyingine. Ndipo mvutaji hupapasa mfuko wake bila hata kufikiri. Hudhani kwamba sigara inamtuliza, kumbe kwa sehemu kubwa inatuliza taabu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Ni sawa na mtu anayekopa leo ili alipe deni la jana. Deni haliishi. Wanusao ugoro na wavutao kiko wasijitoe katika somo hili, kwa sababu nikotini ni ile ile.

Juu ya hayo kuna mazoea. Tufanye hesabu. Mtu anavuta sigara 10 kwa siku, na tuseme kila sigara huivuta mara 10. Mkono wake umekwenda mdomoni mara 100 kwa siku, yaani mara 36,500 kwa mwaka. Mtoto akirudia jedwali la kuzidisha mara hizo zote, hatalisahau mpaka uzeeni. Mazoea yana taabu, walisema wazee.

Basi, ndugu anayeshindwa siku ya tatu asiambiwe kwamba hana nia, wala kwamba imani yake ni haba. Mwili wake umefundishwa somo moja kwa miaka 20. Kulifuta kunataka siku kadhaa na utaratibu.

2. Mambo yatakayotokea

Yafaa mtu ajue mapema yatakayompata, ili yakimjia asishituke.

Siku ya kwanza. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kupungua. Kwa muda wa siku moja au mbili damu hujisafisha na kaboni monoksidi, ile gesi ya hatari itokayo pia katika jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Mtu mwenyewe haoni mambo hayo. Anachokiona ni hamu.

Siku ya 2 na ya 3. Hizi mara nyingi ndizo ngumu kuliko zote. Huja hasira ya bure, wasiwasi, huzuni, njaa, usingizi wa kukatika-katika, na kushindwa kukaza fikira katika kazi. Wengi wanaoirudia sigara huirudia ndani ya juma hili la kwanza. Lakini hizi ndizo dalili za mwili unaojizoeza kuishi bila nikotini. Si ugonjwa mpya.

Juma la 2 hadi la 4. Taabu hupungua polepole. Hamu bado huja, ila huja mara chache zaidi. Wengine hukohoa zaidi kuliko zamani, kwa sababu vinyweleo vidogo vilivyomo katika njia za pumzi, vilivyolemazwa na moshi, vimeanza tena kazi yao ya kusafisha. Lakini kikohozi kikidumu zaidi ya majuma 2, au kikija na damu, nenda hospitali ukapimwe. Usikisingizie kuacha sigara.

Chakula nacho huanza kuwa na ladha, na mtu hula zaidi. Walio wengi huongezeka uzito, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Uzito huo hauna hatari kama ya sigara, na waweza kupunguzwa baadaye kwa matembezi na kwa kupunguza sukari na mafuta. Mtu asijaribu kushinda vita viwili kwa siku moja.

3. Kujiandaa kabla ya siku yenyewe

Chagua siku, isiwe mbali zaidi ya majuma 2. Kabla yake, kwa siku 3, chukua kipande cha karatasi na uandike kila sigara unayovuta: saa ngapi, mahali gani, pamoja na nani, na kwa sababu gani. Mtaona kwamba sigara nyingi zina mahali pake: baada ya kula, pamoja na kahawa barazani, kituoni wakati wa kungoja basi, baada ya ugomvi, na hasa penye pombe. Karatasi hiyo ndiyo ramani ya mahali ambapo hamu itakuvizia. Kwa kila mahali andika utafanya nini badala yake.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, ondoa sigara zote, kisahani cha majivu na vipisi vilivyofichwa. Kiberiti kikae jikoni kwa mama, kisikae mfukoni. Usibakize sigara moja ya dharura, kwa maana dharura itakuja kesho asubuhi. Tena angalia duka linalouza sigara moja moja. Kununua pakiti kunampa mtu nafasi ya kufikiri, lakini sigara moja hununuliwa kwa chenji ya mkate. Kwa majuma haya ya kwanza pita njia nyingine, au mtume mtoto mkate.

Waambie watu wa nyumbani na rafiki mmoja unayemwamini. Ukiwa unatumia dawa za kila siku, mwambie daktari kwamba unaacha sigara, kwa sababu kipimo cha dawa nyingine huweza kuhitaji kubadilishwa.

Neno moja juu ya kahawa, kwani wengi hawalijui. Moshi wa tumbaku huufanya mwili uondoe upesi kafeini, yaani kile kitu kinachoamsha kilichomo katika kahawa na chai. Mtu akiacha kuvuta, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Vikombe vile vile 4 alivyovizoea vyaweza kumletea mtetemeko na kukosa usingizi, naye akadhani ni sigara tu inayomtesa. Basi apunguze kahawa na chai kali kwa nusu tangu siku ya kwanza.

4. Hamu inapokuja

Hamu ni kama wimbi. Hupanda, hufika kileleni, hushuka. Mara nyingi huchukua dakika chache tu, hata ikiwa mwenyewe anaona kama ni saa nzima. Kwa hiyo tazama saa. Hushindani na maisha yote yaliyo mbele yako. Unashindana na dakika hizi 5 au 10. Tuyahesabu mambo manne kwa vidole, kama watoto wa darasa la kwanza.

Kidole cha kwanza: ahirisha. Jiambie, "Nitangoja dakika 10." Zikiisha, ngoja nyingine 10.

Kidole cha pili: pumua. Vuta pumzi ndefu polepole kwa pua, itoe polepole kwa mdomo, mara 10. Mvutaji alikuwa akivuta pumzi ndefu kila alipovuta sigara. Sasa aipate pumzi bila moshi.

Kidole cha tatu: kunywa maji. Kunywa bilauri nzima, kidogo kidogo.

Kidole cha nne: shughulika. Ondoka mahali ulipo. Chota maji, palilia mboga, fagia uwanja, tembea hadi kwa jirani. Mikono ikitaka kazi, ipe ukili wa kusuka au kamba ya kusokota. Mdomo ukitaka kitu, upe mswaki wa mti, karafuu, kipande cha tangawizi, karanga au muwa.

Mwisho wa siku, hesabu mawimbi yaliyopita bila wewe kuvuta. Yaandike. Bandu bandu huisha gogo. Zitenge pia fedha ambazo zingenunua sigara. Yule wa sigara 10 kwa siku huteketeza sigara 3,650 kwa mwaka. Kila msomaji azidishe kwa bei ya dukani kwake, kisha alinganishe na gharama ya daftari na sare za watoto.

5. Msaada wa dawa

Wako watu ambao hamu yao ni kali mno, hasa wale wanaovuta sigara mara tu wanapoamka. Kwao kuna plasta za kubandika ngozini na ubani wa kutafuna wenye nikotini kidogo isiyo na moshi, ambayo hupunguzwa polepole. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Hazipatikani kila zahanati, lakini si aibu kuziulizia katika duka la dawa au hospitali. Mama mjamzito na mtu mwenye ugonjwa wa moyo waulize daktari kwanza. Ugoro na shisha si dawa ya kuacha sigara. Shisha ni moshi wa tumbaku uliopitishwa majini tu.

6. Mtu akianguka

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyevuta sigara moja siku ya tano ana siku nne za ushindi na kosa moja. Hatari iko katika neno linalofuata, "Basi, yamekwisha," halafu akamaliza pakiti. Atupe zilizobaki, achukue ile karatasi yake, aandike ilikuwa wapi na saa ngapi, kisha aendelee siku ile ile. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja.

Hapa ndipo sisi wengine tunapotakiwa kufanya kazi. Majumbani, tuvumilie hasira za majuma mawili bila kuzijibu. Tusimcheke, wala tusimnuse nguo kama askari wa forodha. Tumuulize tu, "Leo mawimbi yalikuwa mangapi?" Na anayevuta asimtolee mwenzake sigara kwa mzaha, wala asivute mbele yake katika siku hizi. Hata kanisani, tusimfanye ndugu aliyeanguka aone haya mpaka akaacha kuja ibadani. Aibu humpeleka mtu nyuma ya nyumba, na huko nyuma ya nyumba ndiko sigara iliko.

7. Je, wazee wamechelewa?

Wenzetu wa umri wetu husema, "Sisi tumekwisha kuzeeka, tutapata faida gani?" Jibu liko. Mwaka 1951 huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa nchi hiyo, wavutaji na wasiovuta. Matokeo ya miaka 50 yalitolewa mwaka 2004. Walioendelea kuvuta walikufa, kwa wastani, miaka 10 hivi mapema kuliko wasiovuta kamwe. Lakini walioacha wakiwa na miaka 30 waliiokoa karibu miaka hiyo yote 10. Wenye miaka 40 waliokoa 9 hivi. Wenye miaka 50 waliokoa 6. Na wenye miaka 60 waliokoa 3. Miaka 3 ni mingi kwa babu anayetaka kumwona mjukuu wake akimaliza shule.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini si haki kumwambia anayeshindwa kuacha sigara kwamba hana nia?
2. Taja mahali patatu katika mtaa wetu ambapo hamu ya sigara humvizia mtu. Afanye nini katika kila mahali?
3. Vidole vinne ni vipi? Mmoja wenu avitaje bila kutazama gazeti.
4. Mtu wa nyumbani kwako ameacha sigara tangu jana, na leo amekugombeza bila sababu. Utamjibuje?
5. Ni nani katika kikundi chetu anayetaka kuchagua siku yake? Na ni nani atakayekuwa rafiki wa kumtembelea kila jioni kwa siku 7 za kwanza?